Kazi Iliyoondolewa Katika Sinema

Picha ya sinema iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto yastahili kupimwa kwa mizani kali kuliko ya watu wazima, maana mtoto huamini alichoonyeshwa. Kwa sababu hiyo twaizungumza hapa The Karate Kid ya mwaka 2010, ambayo Harald Zwart aliitengeneza upya kutokana na ile ya John G. Avildsen ya mwaka 1984.

Wako watakaotuambia kwamba picha hiyo ilipata zaidi ya dola milioni 350. Hatubishi. Sisi twauliza watoto walipata nini.

Katika picha ya kwanza mzee Miyagi, fundi wa matengenezo katika nyumba za kupanga, amkubali kijana Daniel awe mwanafunzi wake, kisha ampa kazi. Kijana apaka nta magari na kuyang'arisha, apiga msasa sakafu ya mbao, apaka rangi ua, kisha nyumba. Anung'unika kwamba amegeuzwa kibarua asiye na ujira, na kila aliyepata kushika brashi juani atamwelewa. Lakini siku mzee amrushiapo ngumi, mikono ya kijana yajikinga yenyewe kwa mwendo ule ule wa kazi. Tena ua umekwisha kupakwa rangi, na gari moja katika yale aliyoyang'arisha apewa siku yake ya kuzaliwa.

Katika picha mpya Dre, mtoto wa miaka 12, aambiwa avue koti, alitundike, alitupe chini, aliokote, alivae tena. Mikono yajifunza, ni kweli. Lakini koti ni lile lile na kigingi ni kile kile. Hakuna mtu aliyefaidiwa na jasho lake.

Historia nayo imeondolewa. Miyagi alikuwa askari wa Marekani huko Ulaya, wakati mkewe na mtoto wao mchanga wakifa katika kambi ya Manzanar, moja ya zile ambamo serikali hiyo hiyo iliwafungia watu wa asili ya Kijapani kuanzia mwaka 1942. Bwana Han wa picha mpya alifiwa na mke na mwana katika ajali ya motokaa. Jackie Chan aucheza msiba huo vizuri sana, na hatumnyimi sifa yake. Lakini ajali kama hiyo haimwachi mtoto na swali lolote la kuiuliza serikali.

Hata jina si la kweli. Karate ni ya Okinawa. Dre ajifunza kung fu mjini Beijing, na huko China picha iliitwa kwa jina lenye maana ya Ndoto ya Kung Fu.

Lililotusikitisha zaidi ni habari ya mama yake. Ahama Detroit kwa sababu kazi yake katika kiwanda cha magari imehamishiwa Beijing. Mwaka 2009 tu, General Motors na Chrysler zilikuwa zimekwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Maelfu ya watoto wa wafanyakazi wangeijua hadithi hiyo kama yao wenyewe. Lakini kiwanda chabaki kisingizio cha safari, na kamera yakimbilia Ukuta Mkuu. Picha ina dakika 140, nafasi ilikuwapo.