Kanisa la Kijijini: Kutoka Msingi Hadi Mlangoni

Historia ya usharika mdogo wa kijijini aghalabu husomeka kwenye jengo lake. Waumini wachache huanza kusali chini ya mwembe au katika darasa la shule, kisha huinua kibanda cha miti na udongo. Wanapoongezeka, huchagua kamati ya ujenzi. Ahadi huwa ni kanisa la matofali ya kuchoma, lenye ofisi na vyoo, litakalokamilika katika miaka michache.

Msingi hauchukui muda. Waumini husomba mawe, mchanga na maji wenyewe, na fedha huenda kwenye saruji, nondo na ujira wa fundi. Kuta hupanda hadi kwenye lenta, kisha kazi husimama. Kenchi na bati havipatikani kwa msaragambo. Hununuliwa, tena kwa mkupuo.

Jengo likishaezekwa, ibada huhamia ndani na haraka ya kumaliza hupoa. Hubaki plasta, sakafu, madirisha, vyoo na ngazi za mlangoni. Vitu hivyo huhesabiwa kuwa vidogo, ilhali baadhi yake ndivyo vinavyoamua nani ataingia. Bibi anayetembelea mkongojo hakwei kizingiti kirefu, mwenye baiskeli ya magurudumu matatu huishia uani, na mama mwenye mtoto hulazimika kuomba choo kwa jirani.

Gharama nazo hukua kwa sababu kipato cha usharika hufuata kilimo. Sadaka na mnada wa mazao hunona baada ya mavuno, halafu hupungua. Katika kungoja, bei ya saruji na bati hupanda, masika huloweka kuta zisizo na paa na mchwa hula mbao. Fundi akibadilika, baadhi ya kazi hurudiwa. Pengine ramani hupanuliwa katikati ya ujenzi kwa kuwa watu wameongezeka. Ni heri, lakini ina bei yake.

Kuchelewa huko si lazima kuwe uzembe. Hata hivyo, tarehe iliyopangwa bila kutazama msimu huvunja moyo waliotoa. Inafaa kila hatua iwe na makisio yake na muda unaofuata mavuno, na kamati isome hesabu mbele ya waumini. Zaidi ya yote, ngazi, njia ya mteremko na choo viingizwe katika bajeti ya paa. Plasta na rangi vinaweza kungoja mavuno yajayo bila kumzuia mtu kusali.