Mame-loshn: Maneno ya Kiyidishi na Suala la Asili ya Lugha



Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki waliiita lugha yao ya nyumbani, yaani Kiyidishi, 'mame-loshn'. 'Mame' ni mama. 'Loshn' ni neno la Kiebrania lenye maana ya ulimi au lugha. Neno hilo lina ndugu yake katika Kiarabu, ambalo washairi wetu hulitumia kwa umbo la 'lisani'. Istilahi hii moja yatuingiza katika suala ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamelijadili kwa muda mrefu: je, maneno ya mkopo hutuambia asili ya lugha?

Kiyidishi kilizaliwa yapata miaka 1,000 iliyopita miongoni mwa Wayahudi wa nchi za Kijerumani. Msingi wake ni wa Kijerumani. Kiebrania, lugha ya sala na vitabu, kikaingia ndani yake, na baadaye lugha za Kislavoni. Siku ya Sabato watu huamkiana 'gut shabes': neno la kwanza ni la Kijerumani, la pili la Kiebrania. Amsifuye mtoto huongeza 'keyn eyn-hore', yaani pasiwe na jicho baya, kama nasi tusemavyo 'mashaallah' kumkinga na husuda. Harusini husikika 'mazl tov', ambayo kwa asili ni nyota njema. Nasi tuna 'nyota ya jaha'. Wanyanyuapo bilauri husema 'lekhaim', kwa uhai, na shina lake la Kisemiti ndilo lililotupa sisi, kupitia Kiarabu, neno 'hai'.

Tutazame sasa sarufi. Kutokana na 'ganef', mwizi, neno la Kiebrania, Kiyidishi kimeunda kitenzi 'ganvenen', kuiba, chenye kiambishi tamati cha Kijerumani. 'Er ganvet' ni 'anaiba'. Ndivyo nasi tulivyolichukua 'safari' kutoka Kiarabu tukasema anasafiri, atasafirishwa. Katika lugha zote mbili mkopo umetii sarufi ya mwenyeji.

Hata hivyo, wapo waliokibeza Kiyidishi, Wayahudi wenyewe wakiwamo, wakakiita 'zhargon', mchanganyiko usio na nasaba. Mwaka 1908 mkutano wa Czernowitz uliwajibu kwa kukitangaza kuwa mojawapo ya lugha za taifa la Kiyahudi. Kisha yakaja maangamizi: kati ya Wayahudi takriban milioni 6 waliouawa na Wanazi na washirika wao, walio wengi walikuwa wasemaji wa lugha hiyo. Hakikufa. Isaac Bashevis Singer, aliyeandika kwa Kiyidishi, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1978, na hadi leo jamii za Wahasidi katika New York na Jerusalem hulea watoto wao kwa lugha hiyo.

Mzazi akimwonya mwanawe husema 'zay a mentsh', uwe mtu. Neno 'mentsh' ni la Kijerumani, lakini Kiyidishi kimelitwika uzito wa utu. Sisi tusemao 'mtu ni utu' hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Basi tusikubali Kiswahili, wala lugha nyingine yoyote, kinyimwe nasaba yake kwa sababu tu ya maneno iliyoyakopa.