Msiba Kijijini: Twende kwa Nani?

Mjini mtu akifariki kuna chumba cha maiti chenye majokofu, duka la majeneza na gari la kukodi. Kijijini huduma hizo hazipatikani mahali pamoja. Ndiyo maana familia nyingine huhangaika usiku kucha, na nyingine huuza ng'ombe kulipia huduma ambayo haikuwa ya lazima. Mwezi huu tutazame mambo matano.

1. Taarifa. Mtu akifia nyumbani, mwiteni mhudumu wa zahanati athibitishe kifo, kisha mpasheni habari mtendaji wa kijiji. Kama ni ajali, kujinyonga, kupigwa au kifo cha ghafla kisichoeleweka, msiuoshe mwili wala kuuhamisha mpaka polisi wafike.

2. Kuhifadhi mwili. Kwa kawaida zahanati haina chumba cha maiti. Ulizeni hospitali ya wilaya au ya misheni, na mjue ada ya kila siku kabla ya kuacha mwili. Fomalini ni kazi ya mtaalamu. Msiitumie wenyewe nyumbani, maana mvuke wake huunguza macho na kifua. Kama ndugu wa karibu wamefika, kuzika ndani ya siku moja au mbili hakupunguzi heshima ya marehemu hata kidogo.

3. Kuosha. Wengi huogopa maiti bila sababu. Mwili wa aliyefariki kwa uzee, shinikizo la damu au ajali hauleti ugonjwa wa mlipuko. Hata hivyo, wanaoosha wavae glavu, wafunike vidonda vyao na wanawe kwa sabuni. Hivyo hivyo kwa aliyekuwa na virusi vya UKIMWI.

Lakini kuna hatari ya kweli. Aliyefariki kwa kuharisha na kutapika sana, au kwa homa kali na kutokwa damu, msimguse wala kumbusu. Iteni wahudumu wa afya. Ugonjwa wa Marburg uliingia Kagera mwaka 2023, na tena Biharamulo mwaka 2025. Huo huambukizwa hata kwa kugusa maiti. Ibada ya kumwombea marehemu inaweza kufanyika bila kuugusa mwili.

4. Jeneza na kaburi. Seremala wa kijiji hutengeneza jeneza imara kwa bei nafuu. Vijana wa jumuiya huchimba kaburi. Lichimbwe mbali na kisima.

5. Cheti. Tanzania kifo hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya mkiwa na karatasi ya hospitali au ya mtendaji. Bila cheti, mjane na watoto hupata taabu kufuatilia mirathi, pensheni au fedha za benki.

Basi kila jumuiya ndogondogo iwe na daftari: simu ya mtendaji, hospitali yenye majokofu, seremala na mwenye gari. Liandikeni sasa, wakati hakuna anayelia. Kifo hakipigi hodi.