Nyumba Ikatiwe Bima ya Kiasi Gani?

Hati ya bima ya nyumba aghalabu hutiwa sandukuni siku ile ile inapopokelewa, ikalazwa pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya watoto, isisomwe tena hadi msiba utokee. Siku hiyo ndipo mwenye nyumba anapotambua kwamba katika karatasi zile zote jambo lenye uzito kuliko mengine lilikuwa hesabu moja tu, nayo aliitaja mwenyewe kwa kukisia, akiwa mbele ya meza ya wakala na ana haraka ya kwenda zake. Hesabu hiyo ni kiasi cha bima, yaani thamani ya nyumba kama ilivyoandikwa katika mkataba.

Nchini Uganda bima si jambo geni. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1964, na tangu hapo makampuni mengine mengi yamefungua milango. Hata hivyo, fedha zote zinazolipwa na wananchi kwa bima za kila aina hazifiki asilimia moja ya pato la taifa, na sehemu kubwa yake ni ya magari, matibabu na mali za makampuni. Nyumba za kuishi zilizokatiwa bima ni chache, na nyingi kati ya hizo zilikatiwa kwa sababu benki iliyotoa mkopo ilishurutisha hivyo.

Hapo ndipo penye dhana ya kwanza ipasayo kuondolewa. Mtu aliyejenga au kununua nyumba kwa mkopo husikia kwamba nyumba yake ina bima, akatulia. Lakini bima inayotakwa na benki imekusudiwa kwanza kuilinda benki. Aghalabu inahusu jengo peke yake. Vitanda, jokofu, nguo na cherehani ya mama wa nyumba havimo. Pengine kiasi kilichoandikwa ni kile cha deni lililobaki, wala si gharama ya kuijenga nyumba upya. Nyumba ikiteketea, benki itapata chake, na familia itabaki na kiwanja chenye majivu. Mwenye mkopo ana haki ya kuomba nakala ya mkataba huo na kuusoma, na inampasa afanye hivyo kabla ya kuamua kama anahitaji bima ya ziada.

Basi nyumba ina thamani gani? Swali hili huonekana jepesi, kumbe lina majibu matatu, na mawili kati yake hayafai kwa kazi ya bima. Jibu la kwanza ni bei ambayo nyumba ingeuzwa leo. Bei hiyo ndani yake mna kiwanja, na katika Kampala kiwanja chaweza kuwa na thamani kupita nyumba yenyewe. Ardhi haiungui moto. Anayeikatia bima pamoja na nyumba hulipa ada ya kitu ambacho kampuni haitakifidia kamwe, kwa maana bima hulipa hasara iliyotokea na haizidishi hapo, hata kama mkataba umetaja mamilioni mengi. Kadhalika anayeikata bima ile ile katika makampuni mawili hatalipwa mara mbili. Makampuni hayo yatagawana hasara moja.

Jibu la pili ni fedha zilizotumika wakati nyumba ilipojengwa. Hili ndilo lililowaponza wengi. Saruji, nondo, mabati na ujira wa fundi havikai mahali pamoja. Nyumba iliyojengwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka minane, chumba baada ya chumba kadiri mshahara ulivyoruhusu, haina hata hesabu moja ya kuaminika. Risiti za mwanzo zimekwisha kupotea, na zilizobaki ni za bei ambazo hazipatikani tena dukani.

Jibu lifaalo ni la tatu: gharama ya kuijenga nyumba ile ile, mahali pale pale, kwa bei za leo. Humo huingizwa msingi, kuta, paa, dari, milango, nyaya za umeme, mabomba, tangi la maji, ukuta wa uani na lango lake, jiko la nje na chumba cha mtumishi. Huingizwa pia gharama za kubomoa na kuondoa kifusi na malipo ya mchoraji wa ramani, mambo ambayo husahauliwa kwa sababu hayaonekani nyumba ikiwa imesimama. Mthamini wa majengo aliyesajiliwa huweza kuifanya hesabu hiyo kwa malipo. Asiyemudu na amwombe mhandisi au fundi mkuu mwaminifu ampe makadirio yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Hayana nguvu sawa na ripoti ya mthamini, lakini yanashinda kukisia.

Kwa nini hesabu hii ishughulikiwe kwa bidii namna hiyo? Kwa sababu ya sharti moja liitwalo kanuni ya wastani, ambalo hukaa katika mikataba mingi ya bima ya mali kwa maneno machache tu. Watu wengi hudhani kwamba aliyekata bima ya nusu ya thamani atalipwa hasara yake yote mradi haipiti nusu hiyo. Sivyo. Kanuni yasema hivi: mwenye nyumba akikata bima ya sehemu tu ya thamani, kampuni italipa sehemu hiyo hiyo ya kila hasara, iwe kubwa ama ndogo, na sehemu iliyobaki huhesabiwa kwamba ameibeba mwenyewe.

Mfano utalifafanua jambo hili. Tuseme nyumba iliyoko Mukono ilijengwa kwa shilingi milioni 90, na mwenyewe akaikatia bima ya kiasi hicho, asikibadilishe tena. Baada ya miaka kadhaa kuijenga upya kungehitaji shilingi milioni 180. Moto unaanza jikoni, unaunguza paa na vyumba viwili, na matengenezo yanahitaji shilingi milioni 60. Mwenye nyumba anatazama hati yake, anaona milioni 90, anashukuru Mungu kwamba hasara iko ndani ya kiasi hicho. Kampuni nayo inagawa 90 kwa 180, inapata nusu, na inamlipa milioni 30. Milioni 30 nyingine atazitafuta mwenyewe. Na aliokoa nini kwa kuiacha hesabu ya zamani? Ikiwa ada ilikuwa, kwa mfano, shilingi 2 kwa kila shilingi 1,000 za thamani, alikuwa akilipa 180,000 kwa mwaka badala ya 360,000. Kampuni haikumdhulumu. Lakini wakala aliyempokea kila mwaka na kumwandikia risiti bila kumwuliza kama nyumba imeongezwa chumba hawezi kusifiwa.

Yafaa basi kiasi cha bima kitazamwe kila mara mkataba unapotengenezwa upya, yaani kila mwaka, na wakati wowote nyumba inapoongezwa chumba, ukuta au paa jipya.

Jambo la pili lenye kustahili kusomwa ni orodha ya majanga. Bima ya kawaida ya moto hulipia moto, radi na mlipuko wa gesi ya kupikia. Radi si jambo la mzaha nchini Uganda. Tarehe 28 Juni 2011 haikusahaulika huko Kiryandongo, ambako radi iliipiga shule ya msingi ya Runyanya na kuwaua watoto 18. Hata hivyo, radi kupiga paa ni jambo moja, na umeme wa nguzoni kupanda ghafla ukaunguza jokofu na televisheni ni jambo lingine. Hili la pili mara nyingi halimo, na lazima liulizwe.

Mafuriko, dhoruba, tetemeko la ardhi na maji yanayopasuka mabombani huongezwa juu ya bima ya moto, wakati mwingine kwa ada zaidi. Hapa kila mtu aitazame nchi anamokaa. Mkazi wa Kasese anayekumbuka jinsi mto Nyamwamba ulivyofurika mwaka 2013, ukafurika tena mwaka 2020, hana sababu ya kuacha mafuriko nje ya mkataba wake. Mkazi wa Fort Portal au Bundibugyo anakaa katika bonde la ufa. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro liliua zaidi ya watu 100 na kubomoa maelfu ya nyumba, na nchi hiyo ilitikisika tena kwa nguvu mwezi Februari 1994. Kwake yeye tetemeko ni la kutangulizwa.

Ama mwenye nyumba kandokando ya Ziwa Viktoria, ana swali gumu zaidi. Mwezi Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kupita kipimo cha juu kilichowekwa mwaka 1964, yakaingia katika nyumba na hoteli za Entebbe, Ggaba na Jinja. Maji hayo hayakuja kwa kishindo. Yalipanda polepole kwa miezi. Mikataba mingi ya bima imekusudia tukio la ghafla lisilotazamiwa, na jambo linalokuja polepole, kama vile unyevu, mchwa, kutu na nyufa za nyumba inayotitia, huachwa nje. Atakaye kujua kama ziwa lake limo au halimo na aulize kwa barua, na jibu lake pia alidai kwa barua. Ahadi ya mdomo ya wakala haina mahali katika hati.

Makampuni mengi siku hizi huuza bima ya nyumbani iliyokusanya mambo kadha katika mkataba mmoja: jengo, vyombo vilivyomo, vitu vya thamani vinavyotoka nje na mwenyewe, kama saa na kompyuta ya mkononi, ajali za watumishi wa nyumbani, na madai ya mgeni au jirani aliyeumia kwa sababu ya nyumba hiyo. Si lazima kuchukua sehemu zote. Mpangaji hana haja ya kulikatia bima jengo lisilo lake, na bima ya mwenye nyumba haivigusi vyombo vya mpangaji hata kijiko. Wapangaji wengi hawalijui hilo hadi moto wa chumba cha pili unapowafikia. Bima ya vyombo peke yake huwa na ada ndogo, na vyumba viwili vyenye vitu vya miaka kumi ya ndoa vina thamani kubwa kuliko wenyewe wanavyodhani.

Kuvijua vyombo hivyo kwahitaji mchana mmoja na daftari. Mama na baba wa nyumba wapite chumba baada ya chumba wakiandika kila kitu, hata mapazia na sufuria, mwaka kilionunuliwa na bei yake ya leo. Picha zilizopigwa kwa simu zitasaidia sana, mradi zihifadhiwe pia kwa ndugu anayekaa kwingine, maana daftari lililo ndani ya nyumba huungua pamoja na nyumba. Kanuni ya wastani hutumika kwa vyombo vilevile. Tena iulizwe kama kampuni italipa bei ya kitu kipya, au itapunguza kwa ajili ya uchakavu. Tofauti yake katika makochi ya miaka sita si ndogo.

Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli. Anayeuza mitungi ya gesi au mafuta ya taa katika chumba cha mbele, anayesuka nywele kwa umeme barazani, aliyeezeka kwa nyasi, aliyepangisha vyumba vya uani, wote yapasa wayaseme hayo tangu mwanzo, hata kama ada itaongezeka. Yaliyofichwa hujulikana mkadiriaji wa hasara anapokuja, na hapo kampuni huwa na haki ya kukataa kulipa. Nyumba inayoachwa bila mtu kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya siku 30, huweza kupoteza sehemu ya kinga yake, jambo linalowahusu walio kazini ng'ambo na kuwaachia majirani funguo. Wizi nao kwa kawaida hulipwa pale tu penye alama za kuvunja mlango au dirisha. Kitu kilichochukuliwa na mgeni aliyekaribishwa hakimo. Na karibu kila mkataba una kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye bima hukibeba mwenyewe. Bima yenye ada ndogo ajabu yafaa ichunguzwe hapo kwanza.

Msiba ukitokea, kampuni ijulishwe mara moja, kisha kwa maandishi; polisi nao wajulishwe kama ni moto au wizi. Mabaki yasitupwe kabla mkadiriaji hajayaona, ingawa mwenye nyumba anaruhusiwa, na kwa kweli anatakiwa, kufunika paa lililotoboka ili mvua isizidishe hasara. Risiti za turubai na misumari ya kazi hiyo zitunzwe. Asiyeridhika na fidia asitie sahihi karatasi ya kukubali malipo kamili. Kwanza aiandikie kampuni kueleza sababu zake, na wakishindwa kuafikiana, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda ina ofisi ya kupokea malalamiko, ambako nakala ya mkataba, barua zote na makadirio ya fundi hupelekwa pamoja.