KABLA YA KUPAKA MEZA YAKO YA PAINA

Ndugu msomaji, katika vijiji vya Mufindi, Njombe na Makete mbao za paina ni nyingi. Watu wengi hujitengenezea meza, vitanda na benchi kwa mbao hizo. Hilo ni jambo zuri. Lakini kazi haiishi unapopiga msumari wa mwisho. Mbao za paina ni laini. Zikiachwa bila kupakwa kitu, hunywa maji na kushika uchafu. Mchuzi ukimwagika, doa halitoki.

Je, upake nini? Jiulize: kitu hiki kitakaa wapi? Nani atakitumia?

ANDAA MBAO KWANZA
Hakikisha mbao zimekauka. Ukipaka mbao mbichi, rangi itabanduka. Piga msasa kufuata nyuzi za mbao, usikate nyuzi. Anza na msasa namba 120, malizia na namba 220. Futa vumbi lote. Tazama mafundo ya mbao. Kama yanatoa utomvu, yafute kwa kitambaa chenye tapentaini. Kama utapaka rangi, uliza dukani rangi ya kwanza inayozuia utomvu. Bila hiyo, madoa ya manjano yatatokea juu ya rangi yako.

MEZA YA CHAKULA
Paka vanishi. Vanishi ikikauka huzuia maji na mafuta, na meza hufutika kwa urahisi. Mpako wa kwanza uchanganye na tapentaini kidogo ili uingie ndani ya mbao. Ukikauka, piga msasa kidogo, futa vumbi, kisha paka tena mara mbili.

BENCHI LA NJE
Paka rangi ya mafuta. Vanishi ya kawaida hupitisha mwanga wa jua, na jua huharibu mbao chini yake. Baadaye vanishi hubanduka. Rangi huzuia jua lisifike kwenye mbao.

KIGODA NA SANDUKU LA NGUO
Hapa nta ya nyuki inafaa. Chukua kipimo kimoja cha nta na vipimo vitatu vya mafuta ya kitani. Weka katika kopo, na kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke kopo juu ya moto wenyewe. Nta ikiyeyuka, koroga, acha ipoe, kisha paka kidogo kidogo na kufuta inayobaki. Usitumie nta kwenye meza ya chakula, maana sufuria ya moto huiyeyusha. Usitumie mafuta ya kupikia badala ya mafuta ya kitani. Hayo hunata na kukusanya vumbi.

Jihadhari: vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikirundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke.

KITANDA CHA MTOTO
Mtoto hung'ata kingo za kitanda. Kwa hiyo usipake rangi yenye madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara yake hayaondoki. Soma kopo kabla ya kulipa. Kama halielezi kwamba rangi haina risasi, liache. Baada ya kupaka, weka kitanda penye hewa mpaka harufu iishe kabisa. Ndipo mtoto alale.

OILI CHAFU HAPANA
Wapo wanaopaka samani oili chafu ya magari kwa sababu ni rahisi kuipata. Usifanye hivyo. Oili hiyo haikauki. Huchafua nguo, na ina sumu zinazoweza kuleta saratani. Isiguse meza wala kitanda.

Mwisho, jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao kilichobaki. Paina hunywa rangi kwa mabaka, hapa nyingi, pale kidogo. Ni afadhali uone kosa kwenye kipande cha kutupa kuliko kwenye meza uliyoihangaikia.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Anza na maandishi ya kopo la rangi.