Afrika Kusini: Ua linalomngoja panya usiku

Kwa wengi wetu, panya ni yule aliyetoboa gunia la mahindi ao kutafuna muhogo usiku. Lakini magharibi mwa Afrika Kusini, katika eneo kavu la Namaqualand, kuna ua ambalo panya asipolitembelea linapata mbegu chache sana. Wakongo wengi wanaoishi Cape Town pengine wamepita karibu nalo bila kujua: barabara ya N7 inayokwenda Namibia inakatiza eneo hilo.

Jina lake la kisayansi ni Massonia depressa. Kwa mbali hulioni. Mmea una majani mawili tu, mapana, yaliyolala juu ya udongo kama sahani mbili. Katikati yanatokea maua meupe-meupe, yamebanana, karibu yaguse mchanga. Chini yake kuna kitu kama kitunguu, ndicho kinachoweka akiba ya maji na chakula. Huko mvua inanyesha wakati wa baridi. Joto likirudi majani yanakauka, na anayepita atasema hapa hapana kitu.

Sasa, ua lililo chini hivyo, lisilo na rangi kali, linamwita nani? Maua mengi yanategemea nyuki, kipepeo ao ndege chozi kubeba chavua, ule unga unaotoka ua moja kwenda lingine ili mbegu zipatikane. Watafiti Steven Johnson, Anton Pauw na Jeremy Midgley walilifuatilia ua hili, na mwaka 2001 wakatoa jibu: wageni wake ni panya wa porini, wanaokuja gizani. Kati yao yumo panya mdogo wa jangwani, mwenye mkia mrefu na manyoya chini ya nyayo.

Walitega panya karibu na mimea hiyo, wakakuta chavua kwenye pua zao na hata ndani ya mavi. Kisha wakawaweka panya pamoja na maua. Panya walilamba utamu bila kuliharibu ua, jambo la kushangaza kwa mnyama mwenye meno kama yale. Na mimea iliyokingwa ili wanyama wasiifikie, mbegu zake zilipungua.

Utamu wenyewe ndio wa ajabu. Si maji-maji kama wa maua mengine, ni kama jeli. Walipoupima waliona ni mzito mara 400 hivi kuliko maji yenye sukari ya kiasi kilekile. Kipepeo mwenye mrija mwembamba atahangaika nao, lakini ulimi wa panya unaulamba bila shida. Harufu nayo ni ya chachu, kama mkate uliotiwa hamira. Gizani, pua inafaa kuliko macho.

Ndugu yake wa huko huko, Massonia bifolia, anatembelewa na panya wa miambani na pia sange, kale kanyama kenye pua ndefu ambako jamaa zake wanaishi hata katika misitu ya Kongo.

Jina Massonia linatoka kwa Francis Masson, Mskoti aliyetumwa na bustani ya Kew ya London. Alifika Cape mwaka 1772 kukusanya mimea kwa ajili ya Ulaya. Kazi hiyo haijaisha, ila sasa inafanywa na wezi. Tangu mwaka 2019 wakuu wa Afrika Kusini wamekamata zaidi ya mimea milioni moja iliyong'olewa porini, mingi ikiwa ile midogo yenye majani manene, kama Conophytum. Wanunuzi ni wakusanyaji wa Asia, Ulaya na Marekani, na biashara inapita kwenye intaneti. Karibu na Nieuwoudtville, mji mdogo unaosifiwa kwa wingi wa maua ya vitunguu, wezi wameng'oa pia Clivia mirabilis, ua ambalo sayansi ililitangaza mwaka 2002 tu.

Mmea wa kitunguu ukitoka kwenye mbegu unachukua miaka kadhaa kabla ya kutoa maua, kwa hiyo anayeng'oa mmoja usiku mmoja anaondoa kazi ya miaka. Na mwenye kuununua hapati panya pamoja nao. Wanaofuga Massonia ndani ya nyumba za vioo wakitaka mbegu, wanachukua brashi ndogo, wanainama, na kupaka chavua ua kwa ua kwa mkono.