Sukari kwa Ndimi za Al Quoz

Al Quoz ni eneo la karakana, maghala na mabweni ya wafanyakazi mjini Dubai, na hata jina lake halina matamshi mamoja. Waarabu wa Ghuba huigeuza kafu kuwa ga, wakasema "Al Guz", ilhali wageni wanaosoma kibao cha herufi za Kilatini husema "Al Kuz". Ndivyo ilivyo pia kwa ugonjwa wa kisukari katika zahanati zinazohudumia watu wa eneo kama hilo. Daktari aliyesomea Uingereza huenda akasema "dayabitizi", mwenzake akasema "dayabitisi", na kamusi za Kiingereza zinayakubali matamshi yote mawili. Mpakistani ana "ziyabitusi" yake, Mfilipino "diyabetisi", Mwarabu "sukkari". Mlinzi kutoka Kampala au dereva kutoka Mombasa atasema "sukari", basi. Wako wanaoudhika na mchanganyiko huu, wakitaka kila mgonjwa afundishwe jina la kitaalamu na alitamke sawasawa. Nadhani wameelekeza juhudi pasipohitajika.

Tuanze na neno lenyewe. Sukari ya Kiswahili ilitoka kwenye sukkar ya Kiarabu, iliyotoka kwenye shakar ya Kiajemi, nayo mzizi wake ni sharkara ya Kisanskriti. Neno la Waingereza, "sugar", lina asili hiyohiyo, na Wahindi na Wapakistani wengi huutaja ugonjwa huu kwa neno hilo la Kiingereza. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "sukari" mbele ya muuguzi wa Kerala na daktari wa Misri ana nafasi kubwa ya kueleweka kuliko yule anayejikakamua kutamka jina la kitaalamu, neno la Kigiriki lenye konsonanti ya mwisho ambayo ulimi wake haujaizoea. Kumsahihisha kuna gharama: anayechekwa kwa lafudhi hujifunza kunyamaza, na mgonjwa aliyenyamaza hatasema kwamba usiku anaamka kukojoa mara kwa mara, wala kwamba kiu yake haikatiki. Kwenye joto la Dubai, ambako sheria husimamisha kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, tangu Juni 15 hadi Septemba 15, kiu ni dalili rahisi sana kupuuzwa.

Patakuwa na mpinzani mwenye hoja nzito: tiba inadai usahihi, na majina yanayofanana yamewahi kuleta balaa. Ni kweli. Nchini Marekani dawa ya tumbo iliyoitwa Losec ilikuwa ikichanganywa na Lasix, dawa ya kuongeza mkojo, na mwaka 1990 jina lake likabadilishwa kuwa Prilosec. Lakini kisa hicho kinahusu dawa mbili zenye majina yanayokaribiana, wakati sisi tunazungumzia ugonjwa mmoja wenye matamshi mengi. Tena, dawa ilipewa jina jipya. Wagonjwa hawakupelekwa darasani kunyoosha ndimi. Mzigo ulibebwa na wenye mfumo, na hapo ndipo unapostahili kukaa.

Hoja ya pili naikubali kwa sehemu. "Nina sukari" haitoshi. Mfanyakazi anayetetemeka na kutoka jasho jingi huenda ameshukiwa na sukari, akahitaji kitu kitamu upesi, au amezidiwa na joto. Kitenzi ndicho chenye habari hapa: imepanda au imeshuka? Msimamizi wa bweni anayejua maneno hayo mawili, kwa Kiswahili, Kihindi na Kiarabu, ana msaada mkubwa kuliko anayejua jina la ugonjwa kwa lafudhi ya London.

Hatari kubwa zaidi, ambayo haizungumzwi vya kutosha, imo kwenye namba. Kliniki nyingi za Kenya na Tanzania hupima glukosi kwa milimoli kwa lita. Dubai mara nyingi hutumia miligramu kwa desilita. Kiwango kinachoashiria kisukari mtu akiwa hajala ni 7.0 kwa kipimo cha kwanza na 126 kwa cha pili, na ni sukari ileile; ukitaka kuhamisha, zidisha au gawanya kwa 18. Aliyezoea kusikia "saba" nyumbani anaweza kupigwa na butwaa akiambiwa 126. Kinachonitia hofu zaidi ni safari ya kurudi. Mtu aliyesomewa 180 Dubai anapimwa Mombasa, anaona 10, anashukuru Mungu kwamba amepona, anaweka vidonge kando. Sukari yake haijapungua hata kidogo. Kosa hilo halirekebishwi kwa kumnyoosha ulimi. Linahitaji kadi yenye tarehe, namba na kipimo chake kilichoandikwa kwa ukamilifu, na mhudumu atakayemwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Tangu sheria namba 11 ya mwaka 2013, mwajiri wa Dubai anawajibika kumkatia mfanyakazi bima ya afya, kwa hiyo wengi hufika mbele ya mhudumu huyo. Kuandika "mg/dL" kando ya 180 kunamchukua sekunde mbili.